Nyimbo Husafiri na Watu

Wazee wetu, walimu, na ndugu wote wa Iringa na Mbeya: twapenda leo kunena nanyi habari za nyimbo, jinsi zinavyoenea toka watu hawa hata watu wale, na jinsi zinavyodumu.

Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498. Walianza kujenga ngome Mombasa mwaka 1593, nayo ikatwaliwa na Waarabu wa Omani mwaka 1698. Maneno yao twayatumia kila siku: meza, bendera, leso, gereza, karata. Lakini ng'ambo ya bahari, katika kisiwa cha Ceylon, kiitwacho sasa Sri Lanka, waliacha zaidi ya maneno. Wareno walifika huko mwaka 1505, wakatolewa na Waholanzi mwaka 1658. Wao, na waliotawala baada yao, walipeleka kisiwani Waafrika, wengine watumwa, wengine askari. Hao wakakutana na machotara wa Kireno, wakasema lugha moja nao, Kireno kilichochanganyika na lugha nyingine.

Kwa lugha hiyo waliimba, wakipiga ngoma, chupa na vifuu vya nazi. Nyimbo zao huitwa manja. Nyimbo za Waafrika na za machotara zikaenda kwa jirani, zikaingia arusini, zikazaa muziki uitwao baila, ambao Wasinhala huuimba kwa lugha yao wenyewe. Karibu na mji wa Puttalam wazao wa Waafrika wale husema Kisinhala nyumbani. Kireno chao kimebaki hasa katika nyimbo. Lugha imetoka mdomoni, ikasalia ngomani.

Nasi pia tunao mfano kama huo. Ngoma ya beni ilianza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, watu wakiiga matarumbeta ya askari wa Kizungu. Vyama viwili, Marini na Arinoti, vikashindana kwa mavazi na kwa mashairi. Vita ya 1914 hata 1918 ilipokuja, askari na wapagazi waliichukua ngoma hiyo mpaka bara. Nchi zetu hizi za juu zilikuwa njia ya majeshi. Iringa ilitwaliwa na Waingereza mwezi wa Agosti 1916. Upande wa Ziwa Nyasa, watu wasio na matarumbeta walitengeneza ya vibuyu, wakaimba kwa lugha zao. Ndiyo malipenga na mganda. Mizigo waliyotwikwa wapagazi ilikuwa ya jeshi. Wimbo ulikuwa wao.

Wazee wengine hunung'unika kwamba ngoma ngeni zawapoteza vijana. Neno hilo lina uzito. Lakini kijana ataimbaje wimbo ambao hakuna aliyemfundisha?

Basi yafaa kila mwalimu awe na daftari. Na awaulize wazee nyimbo za mavuno, za arusi, za kubembeleza watoto na za kilio. Aandike maneno yake kwa Kihehe, Kibena, Kikinga, Kisafwa au Kinyakyusa, na maana yake kwa Kiswahili, pamoja na mahali zilipoimbwa. Kisha watoto waziimbe, kwa maana karatasi haina sauti. Watu wa Puttalam hawakuokoa lugha ya mababu zao kwa vitabu. Waliiokoa kwa kukutana jioni na kuimba. Nasi wazee wetu wangali hai. Twende tukawaulize mapema.