Daftari la Fundi wa Funguo

Saa nne usiku. Mama amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, mtoto begani, ufunguo umebaki ndani juu ya meza. Jirani anapiga simu, na baada ya nusu saa bodaboda inasimama. Kijana anashuka na begi dogo mgongoni. Hamuulizi mama jina, haombi kitambulisho. Anachuchumaa, anachokonoa kitasa kwa vijichuma viwili, na dakika kumi hazijaisha mlango uko wazi. Analipwa, anaondoka. Mama anamshukuru Mungu na kuingia kulala. Akianza kuwaza kitandani ndipo anapokumbuka kwamba mtu asiyemjua hata jina amejua jinsi ya kuingia kwake bila ufunguo.

Huenda kijana yule ni mwaminifu kuliko watu wote wa mtaa huo. Ila hana mahali pa kuuthibitishia uaminifu wake, wala ufundi wake.

Na ufundi wenyewe hudharauliwa bure. Mpita njia anayemwona fundi wa Kariakoo chini ya mwavuli, ubao wa funguo nyuma yake na mashine ndogo mezani, hudhani kazi ni kubana sampuli upande huu na chuma kipya upande ule, kisha kungoja meno yajichonge. Hiyo ndiyo sehemu rahisi. Ndani ya kufuli la kawaida la silinda mna pini tano au sita, kila moja imegawanyika vipande viwili na inasukumwa na springi yake. Ufunguo sahihi huziinua zote mpaka mahali zilipogawanyika pakae kwenye mstari mmoja, na hapo tu silinda hukubali kuzunguka. Mmarekani Linus Yale mdogo ndiye aliyeukamilisha mpango huo katika miaka ya 1860, na hadi leo unafunga maduka na mageti yasiyohesabika. Tofauti kati ya kina cha jino moja na kinachofuata ni kama nusu milimita, mara nyingi pungufu. Tupa ikipita mara moja zaidi ya inavyotakiwa, chuma kimeharibika.

Mtihani halisi wa fundi huja pale mteja anapoleta kufuli bila ufunguo wowote. Fundi mzuri huchukua ufunguo ambao haujachongwa meno, akauingiza, akauzungusha kwa nguvu kidogo, kisha akauchomoa na kuutazama juani. Pini iliyobana huacha alama, nukta ndogo kama iliyochorwa kwa ncha ya sindano. Hapo ndipo anapopiga tupa, kidogo tu, na kurudia. Pini ikishafika mahali pake, alama yake haionekani tena. Alama zote zikitoweka, kufuli linafunguka, na mteja ana ufunguo mpya mkononi. Kujua lipi ni doa la pini na lipi ni mkwaruzo wa kawaida hakusomwi mahali popote kwa siku mbili. Ni jicho linalokomaa kwa miezi, mwanagenzi akiwa ameketi kando ya mkubwa wake.

Upande wa magari mambo yamebadilika kabisa. Nchi za Ulaya zililazimisha magari mapya ya abiria yawe na kifaa cha kuzuia injini isiwake bila ufunguo wake kuanzia mwaka 1998, na watengenezaji wa Japani nao wakaeneza teknolojia hiyo. Ndani ya kishikio cha ufunguo mna chipu ndogo inayosomwa na kompyuta ya gari. Fundi anaweza kuchonga meno yakalingana sawasawa, mlango ukafunguka, swichi ikazunguka, na gari likakataa kuwaka. Sasa inambidi ajue umeme wa magari, awe na kifaa cha kuisajili chipu, na ajue gari gani linahitaji nini. Mkubwa aliyemfundisha kazi hakuwahi kuyasoma hayo.

Basi kijana wa Tanzania anayeitaka kazi hii aanzie wapi? Wengi huanzia kwenye kigoda cha ndugu au rafiki: miezi ya kufagia na kupanga funguo, kisha mashine, kisha tupa. Anayepita chuo hupata msingi mzuri kwenye fani za jirani. Mafunzo ya ufitaji mitambo katika vyuo vya VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, humzoeza tupa, jiliwa na vipimo. Umeme wa magari humfungulia mlango wa chipu. Useremala humfundisha kutoboa mlango na kukaza kitasa bila kupasua mbao. Na kwa waliojifunzia mtaani VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi: fundi hupimwa kwa vitendo na kuhojiwa, akifaulu hupewa cheti. Maseremala, waashi na mafundi magari wamenufaika. Mafundi wa funguo wanastahili kiti hapo kama wenzao, na wadai waziwazi.

Uanagenzi wenyewe nao unahitaji masharti. Vitasa vya Union, vinavyojulikana sana Afrika Mashariki, asili yake ni Willenhall, mji mdogo wa Uingereza uliokuwa maarufu kwa makufuli. Tume iliyochunguza ajira ya watoto katika miaka ya 1840 iliwakuta huko watoto wakiinamia jiliwa kutwa nzima, tena wakipigwa, na mji ulibandikwa jina la utani kwa sababu ya vibyongo vya mafundi wake. Mtoto asiye na mkataba hana wa kumsemea. Hilo halijabadilika.

Lakini cheti cha mikono ni nusu ya sifa. Fundi bomba asiye mwaminifu atakuibia pesa. Fundi funguo asiye mwaminifu anaweza kurudi usiku. Nchi nyingine zimeligusa jambo hili kila moja kwa njia yake. Uingereza haina leseni ya serikali kwa kazi hii. Yeyote anaweza kumaliza kozi ya siku chache na kubandika tangazo. Kwa hiyo mafundi wenyewe, kupitia chama chao cha Master Locksmiths Association kilichoanzishwa mwaka 1958, huwatahini na kuwachunguza wanaoomba kujiunga. Jimbo la North Carolina, Marekani, hudai mtihani pamoja na ukaguzi wa rekodi ya jinai. California huchukua alama za vidole na kuangalia kama mwombaji ana makosa ya nyuma. Tena fundi akifungua nyumba au gari la mtu, sheria ya huko humtaka aandike jina la mteja, anwani, namba ya kitambulisho na tarehe, achukue sahihi, kisha aitunze karatasi hiyo miaka miwili.

Kuna wanaopinga: ukiwafundisha vijana kufungua makufuli, umefundisha wezi. Hofu hiyo ina umri. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makubwa ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alilifungua kufuli la kampuni ya Chubb kwa dakika zipatazo 25. Kisha akalikabili la Bramah, lililokaa dirishani mwa duka tangu 1790 na ahadi ya gini 200 kwa atakayeliweza. Lilimchukua saa 51 katika muda wa siku 16. Waingereza walighadhibika, wengine wakasema siri kama hizo zisitajwe hadharani. Hobbs alishikilia kwamba wezi wanaijua kazi yao tayari, na anayebaki gizani ni mwenye mali. Alikuwa sahihi. Baada ya kelele hizo watengenezaji walirudi mezani kuboresha makufuli yao.

Kwa fundi wa kwetu gharama ya kukosa cheti ni kubwa pia. Kanuni ya Adhabu humtia hatiani mtu anayekutwa usiku na chombo cha kuvunjia nyumba bila sababu halali, na sababu hiyo ni juu yake kuithibitisha. Yule kijana wa bodaboda, akisimamishwa na doria saa tano usiku na begi lake, atajieleza kwa kitu gani?

Cheti cha VETA kingemsaidia. Barua ya serikali ya mtaa inayomtambulisha yeye na kituo chake ingemsaidia. Na wakati vyuo na wizara vikijadiliana, lipo linaloweza kuanza jioni hii hii chini ya mwavuli, bila kibali cha mtu: kabla ya kugusa kitasa, fundi aombe kitambulisho cha NIDA, na asiyekuwa nacho athibitishwe na mjumbe au jirani. Aandike jina, namba, nyumba, tarehe. Mteja atie sahihi, naye fundi atie yake.