Urefu wa Mbao: Pimeni Kabla ya Kulipa



Mtoto anapounganisha reli za treni ya kuchezea, kipande kimoja kilichopungua milimita 1 hakionekani. Akiunganisha vipande 20 vya namna hiyo, pengo huwa sentimita 2, na ncha za reli hazikutani. Ndivyo ilivyo kwa mbao za kupaulia.

Futi moja ni sentimita 30.48, kwa hiyo ubao wa futi 12 ni takriban mita 3.66. Muuzaji anayehesabu futi kuwa sentimita 30 kamili hutoa mita 3.60 tu. Upungufu wa karibu sentimita 6 huonekana mdogo, lakini katika mbao 50 mnunuzi amelipia takriban mita 2.9 asizozipata. Zaidi ya hasara ya fedha, boriti isiyoufikia ukuta hulazimika kuungwa, na maungio yasiyokuwamo katika ramani huweza kudhoofisha paa.

Tunawashauri mambo manne. Mosi, nendeni na tepu yenu, mkapime mbao kadhaa bila kuchagua. Pili, anzeni kwenye sifuri, tepu ikiwa imenyooka. Tatu, mwambieni fundi apige hesabu kwa urefu mliopima, si ule uliotajwa. Nne, daini risiti inayoonyesha urefu na idadi ya mbao.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inamlinda mnunuzi. Mkipunjwa, hifadhini risiti na mbao zenyewe, kisha toeni taarifa kwa Wakala wa Vipimo. Msisubiri paa likamilike, kwani ushahidi utakuwa umekwisha kukatwa.