Mapafu ya Vijana Wetu wa Michezo

Mzazi, nawe mwalimu wa michezo hapa Kacyiru, kijana aliyeshuhudia mbio za dunia za baiskeli hapa Kigali, Septemba 2025, ana kila sababu ya kutamani kupanda vilima hivi. Tumlindie kifua chake.

Anayepanda mlima kwa kasi huhema kwa mdomo, na hewa hiyo haichujwi na pua. Moshi wa magari, pikipiki na mkaa hushuka moja kwa moja mapafuni. Kiangazi, Juni hadi Agosti, hali huwa mbaya zaidi: mvua hakuna, na alfajiri ya baridi moshi hutanda bondeni. Basi mazoezi mazito yafanyike mbali na barabara kubwa, magari yakiwa yamepungua. Zile Jumapili za barabara bila magari, zilizoanza 2016, zitumieni jamani!

Mtoto akikohoa mfululizo, kifua kikibana au kutoa mlio kama filimbi, apumzishwe papo hapo. Msimwambie ajikaze. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta pale pale uwanjani. Akishindwa hata kumaliza sentensi, au midomo ikigeuka rangi, mkimbizeni hospitali.