Lori Hutunzwa Kabla ya Kuharibika

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya madereva, mataniboi na makanika wa Eastlands, Nairobi)



Nimeombwa niseme machache juu ya utunzaji wa malori ya kazi, yaani yale yanayobeba mchanga wa Machakos, mawe ya Ndarugo, kokoto, saruji, na takataka ziendazo Dandora. Sisi tukaao Makadara, Kaloleni, Kariobangi, Kayole na Umoja twayajua sana. Mchana twayaendesha, na usiku hulala karibu na milango yetu, watoto wakicheza kando yake. Kwa hiyo jambo hili si la tajiri peke yake.

Wala si jambo geni katika vyama vyetu. Katika miaka ya 1940, Fred Kubai alipokuwa akiwaunganisha wafanyakazi wa usafiri hapa Nairobi, madereva na makanika walikuwa katika chama kimoja. Wazee wale walijua kwamba dereva husikia ugonjwa wa gari na makanika huuponya. Wakitengana, gari hufa, na pengine mtu hufa pamoja nalo.

Kwanza tuelewe kuwa lori la kazi haliwezi kutunzwa kwa kuhesabu maili tu. Lori la takataka husimama na kuondoka mara mia kwa siku. Tipa husimama injini ikinguruma wakati wa kuinua bodi. Maili ni chache, lakini injini imechoka. Mafundi wengi huhesabu saa moja ya injini kunguruma imesimama kuwa kama kilomita 40 za barabara. Basi tajiri akisema, "Oili bado, gari halijaenda mbali," mwulizeni imefanya kazi saa ngapi.

Haya ndiyo mambo ya kutazama kila asubuhi kabla ya gari kutoka, nayo hayachukui zaidi ya robo saa.

1. BREKI. Breki za upepo zina adui wawili, maji na joto. Upepo ukisukumwa ndani ya tangi huacha maji, nayo huleta kutu na kuharibu valvu. Jioni, baada ya kazi, weka vigingi matairini, kisha fungua koki za matangi maji yatoke. Kama yatoka na oili, mwambie fundi, maana pampu ya upepo imeanza kuchoka. Asubuhi jaza upepo, zima injini, kanyaga breki uishike, kisha sikiliza. Ukisikia mlio wa upepo kutoka, au ukiona mshale washuka upesi, gari hilo lisitoke. Tena kumbukeni mteremko: dramu ikipata moto hupanuka, lainingi hupoteza nguvu, na mguu husukuma bure. Teremka kwa gia ndogo, usiteremke kwa breki peke yake.

2. MATAIRI NA NATI. Matairi mawili ya pamoja ni kama wapagazi wawili wenye mzigo mmoja. Mmoja akilegea, mwenzake huelemewa, hupata moto na kupasuka. Taniboi asipige teke tu. Apime upepo kwa geji, na atoe mawe yaliyokwama katikati ya matairi, kwa kuwa jiwe likiruka laweza kumwua mtu wa nyuma. Mistari ya kutu inayotoka kwenye nati yaonyesha kuwa imelegea. Na tairi likibadilishwa, nati zikazwe tena baada ya gari kwenda kilomita 80 au 100 hivi.

3. MAJI NA OILI. Pima oili gari likiwa mahali sawa na injini imezimwa. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, usiwashe. Rejeta ikiwa moto usifungue kifuniko chake. Ngoja ipoe, hata tajiri akipiga simu mara kumi.

4. VUMBI. Barabara za kwenda machimboni zina vumbi jingi, na filta ya hewa hujaa kabla ya wakati wake. Injini iliyokosa hewa hutoa moshi mweusi, hula dizeli na kukosa nguvu mlimani. Filta ya shilingi chache huokoa injini ya mamia ya maelfu.

5. GRISI NA SPRINGI. Grisi mpya isukume ile ya zamani mpaka itoke nje; hapo ndipo umepiga grisi. Tazama majani ya springi kama moja limevunjika. Bampu za mitaa yetu na mzigo wa kupita kiasi huvunja springi kimya kimya.

6. TIPA. Mtu asiingie chini ya bodi iliyoinuliwa bila kuitegemeza kwa nguzo yake ya chuma. Paipu ya oili ikipasuka, bodi hushuka kwa ghafula.

Sasa nawasikia wengine wakisema, "Fundi, haya twayajua, lakini tajiri anasema peleka hivyo hivyo." Hapo ndipo penye shida yetu. Tajiri huhesabu robo saa ya asubuhi kuwa hasara, lakini hahesabu siku tatu lori likilala Mlolongo na mzigo juu. Tena gari likigonga watu, dereva ndiye hushikwa kwanza barabarani, naye taniboi yuko hospitali. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, lori lilipoteza mwelekeo likagonga magari na wachuuzi kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa. Nalitaja tukumbuke tunashika kitu gani mikononi.

Ndugu zangu, sheria iko. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampasa mfanyakazi amwarifu mkubwa wake akiona hatari kubwa, na yamkataza tajiri kumrudisha katika hatari hiyo kabla haijaondolewa. Tena ni kosa kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Lakini sheria haisaidii neno la mdomo ambalo kila mtu atalikana. Andikeni. Kila lori liwe na kitabu chenye karatasi ya nakala: tarehe, namba ya gari, kasoro, sahihi ya dereva, na sahihi ya aliyepokea. Karatasi moja ibaki kwa tajiri, nakala ibaki kwa dereva. Akikataa kutia sahihi, piga picha kwa simu, umpelekee katibu wa tawi siku hiyo hiyo.

Na tusidanganyane. Kitabu kinachojazwa "sawa, sawa, sawa" bila boneti kufunguliwa ni shahidi wa tajiri juu yetu.

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu uagize halmashauri ipeleke mambo matatu katika mazungumzo na matajiri: robo saa ya ukaguzi kila asubuhi ihesabiwe kuwa kazi na ilipwe, kitabu cha kasoro kiwekwe katika kila lori, na lori lililoandikwa kuwa na kasoro ya breki au stelingi lisitoke mpaka fundi atie sahihi. Si mambo makubwa. Ni bei ya lainingi na dakika kumi na tano.

Sasa niko tayari kwa maswali.