Kiti cha Same Mashariki

Safari ya kisiasa ya Anne Kilango Malecela ina kona kuliko barabara ya kupanda Mamba Miamba, kule pikipiki zinakoshuka na magunia ya tangawizi.

Alishinda kiti cha ubunge cha Same Mashariki 2005, akajulikana kwa kuwasema mafisadi hata wa chama chake, CCM. Januari 2015 akawa Naibu Waziri wa Elimu. Oktoba mwaka huohuo, Naghenjwa Kaboyoka wa Chadema akamwangusha. Unaibu waziri haukumwokoa, wala jina la mumewe, waziri mkuu wa zamani.

Machi 2016 Rais Magufuli akampa ukuu wa mkoa wa Shinyanga. Akatamka mkoa hauna watumishi hewa; wakaonekana. Akatumbuliwa kabla hata ya mwezi kuisha. Wengi tulishamzika kisiasa. Lakini Januari 2017 Magufuli yuleyule akamteua mbunge, na 2020 wapigakura wakamrudishia jimbo.

Kaboyoka naye, tusimsahau, aliongoza Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali. Wanawake wawili wakigombea kiti kimoja cha milimani, na wala hakikuwa cha viti maalumu.