Ligasi, Kirusi na Hukumu ya Protini

Kwa muda mrefu wanabiokemia walishughulikia zaidi namna seli inavyojenga protini zake kuliko namna inavyozivunja, kwa kuwa uvunjaji ulichukuliwa kuwa kazi ya usafi tu, inayofanyika ndani ya vifuko vya seli viitwavyo lisosomu bila uteuzi wa maana. Hata hivyo, sababu ya kuitilia shaka dhana hiyo ilikuwapo tangu mwaka 1953, pale Melvin Simpson alipoonyesha kuwa vipande vya ini huhitaji nishati ili kuvunja protini zao. Jambo hilo lilishangaza, kwani kuikata protini kuwa asidi amino hakudai nishati, kama utumbo unavyothibitisha kila chakula kinapomeng'enywa.

Jibu lilianza kupatikana mwishoni mwa miaka ya 1970 katika kazi ya Avram Hershko na Aaron Ciechanover wa Haifa, wakishirikiana na Irwin Rose wa Philadelphia, ambao wote watatu walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2004. Wakitumia kimiminika cha seli changa nyekundu za damu ya sungura, waligundua kuwa protini ndogo yenye asidi amino 76, yubikwitini, hubandikwa kwenye protini inayotakiwa kuondolewa. Vimeng'enya vitatu hupokezana kazi hiyo: E1 huiamsha yubikwitini kwa nishati ya ATP, E2 huibeba, na E3, yaani ligasi, huitambua protini lengwa na kusimamia ubandikaji. Mnyororo wa yubikwitini ukishaota, protini huingizwa katika mtambo wa seli uitwao proteasomu na kukatwakatwa. Proteasomu haichagui, kama vile tingatinga lisivyochagua nyumba bali hufuata alama nyekundu ya X iliyochorwa ukutani; uteuzi ni wa ligasi, na ndiyo maana binadamu ana E1 mbili tu, E2 zipatazo 40, lakini ligasi zaidi ya 600.

Uzito wa uteuzi huo hudhihirika pale unapoporwa. Aina mbili za kirusi cha papiloma cha binadamu, 16 na 18, ambazo kwa pamoja husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani, hutengeneza protini iitwayo E6. Protini hiyo haivunji wala haibandiki chochote. Hushikamana na ligasi ya seli, iliyopewa jina la E6AP kutokana na ushirika huo, kisha huielekeza kwa p53, protini inayosimamisha mgawanyiko wa seli yenye DNA iliyoharibika au kuifanya seli hiyo ijiue. Kwa kawaida p53 hudhibitiwa na ligasi nyingine, Mdm2. Kuporwa huko kwa E6AP ndiyo sababu katika saratani nyingi za mlango wa kizazi jeni ya p53 hukutwa nzima, tofauti na saratani nyingine nyingi: kirusi hakina haja ya kuiharibu jeni ikiwa protini yake huvunjwa kila inapotengenezwa.

Chanjo, ambayo Tanzania ilianza kuitoa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018, huchochea kingamwili dhidi ya ganda la kirusi na hivyo huzuia maambukizi, lakini haiifikii E6 iliyomo ndani ya seli iliyokwisha kuambukizwa. Kuizima E6AP yenyewe ni hatari, kwa kuwa mtoto anayekosa nakala ya jeni ya ligasi hiyo, UBE3A, itokayo kwa mama hupata ugonjwa wa Angelman, wenye kifafa, mwendo wa kuyumba na usemi haba; nakala ya baba huwa imezimwa katika niuroni. Shabaha inayofaa zaidi, basi, ni kishimo kilichopo kwenye E6 ambamo kipande kifupi cha E6AP hujipachika, kwani kemikali ya kukiziba ingeiacha ligasi iendelee na kazi zake nyingine huku p53 ikisalimika.