Mashine ya Kuoshea Mazulia: Yatazameni Maji Yanayorudi

(Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa mtaa mmoja jijini Tanga)



Nilipoombwa nizungumze juu ya uchaguzi wa mashine ya kuoshea mazulia nyumbani, nilitabasamu kwa aibu. Mimi ambaye kazi yangu ni kuelimisha walaji, mashine yangu ya kwanza niliichagua vibaya kabisa. Muuzaji aliiwasha mbele yangu, brashi ikazunguka, povu jeupe likaumuka juu ya kipande cha zulia, nami nikatoa fedha. Ulikuwa mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto. Niliosha zulia la chumba cha mama yangu mzazi, zulia lililogandishwa sakafuni ukuta hadi ukuta. Siku ya tatu lilikuwa bado bichi. Siku ya tano chumba kilinuka uvundo, na mama, ambaye ana pumu, alianza kukohoa usiku kucha. Tulimhamishia sebuleni, na baada ya majuma mawili tukalibandua zulia lote na kulitupa. Chini yake palikuwa na ukungu mweusi.

Mashine ile haikuwa mbovu kwa maana ya kuharibika. Ilimwaga maji na sabuni vizuri sana. Ilichoshindwa ni kuyarudisha. Hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda, kwa sababu mengine yote ni madogo mbele ya jambo hili.

Mashine ya kuoshea zulia hufanya kazi tatu: hunyunyiza maji yenye sabuni, husugua kwa brashi, kisha hufyonza maji pamoja na uchafu na kuyapeleka katika tangi la pili. Muuzaji hupenda kuonyesha kazi mbili za kwanza, kwa kuwa zinapendeza macho. Ya tatu haina mvuto, lakini ndiyo inayoamua kama zulia litakauka jioni ile ile au litaoza. Kwa mtu wa Dodoma, ambako hewa ni kavu, udhaifu wa mashine unaweza kusamehewa na upepo. Sisi wa pwani hatuna msamaha huo. Hewa yetu yenyewe imebeba maji.

Basi mtakapokwenda dukani, ombeni jaribio. Mwagieni kipande cha zulia bilauri moja ya maji, yaani robo lita hivi, mngoje kidogo yazame, kisha mwambieni muuzaji afyonze. Fungueni tangi la maji machafu, mrudishe yaliyomo katika bilauri ile ile, mtazame yamefika wapi. Kama kuna mashine mbili, zijaribuni juu ya zulia la aina moja. Baada ya hapo kandamizeni karatasi ya shashi juu ya zulia na kuikanyaga. Ikilowa chepechepe, mmeshapata jibu. Mashine yangu ya kwanza, nilipokuja kuipima baadaye, ilirudisha vijiko vichache tu. Ninayotumia sasa inarudisha zaidi ya nusu ya bilauri, na haina povu la kujionyesha. Muuzaji akikataa jaribio hili, msigombane naye. Nendeni duka jingine.

Mtaambiwa habari za wati. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa, si cha maji yanayotolewa, na katika mashine zenye kupasha maji sehemu ya umeme huo huishia katika kupasha. Mashine ya wati 1,500 ikifanya kazi saa nzima hula uniti moja na nusu ya LUKU. Hilo ndilo linaloweza kusomwa kwa hakika katika namba hiyo.

Namba nyingine iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ina uzito zaidi, hasa kwa wanaonunua vitu vilivyotumika kutoka ng'ambo. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50. Mashine iliyotoka Uingereza, Oman au Dubai kwa kawaida huafikiana nao. Iliyotengenezwa kwa ajili ya nyumba za Japani huwa ya volti 100, na ya Marekani volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, mota huungua, na pengine si mota peke yake. Someni kibandiko kabla ya kuuliza bei. Tazameni pia waya wote, kuanzia plagi hadi unapoingia katika mashine, kwa sababu chombo hiki hukutanisha umeme na maji mbele ya miguu yenu. Waya uliochunika na kufungwa kwa utepe usiufikirie mara mbili. Uache pale pale. Wala msitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi kunyonya maji kwa kudhani kazi ni moja. Haikujengwa kuzuia maji yasifike kwenye mota, na inaweza kumpiga mtu shoti.

Sasa juu ya mazulia yenyewe. Si kila zulia linataka mashine. Zulia la mita mbili kwa tatu ambalo watu wawili wanaweza kulitoa uani, likasuguliwa, likaanikwa juani pande zote mbili, halihitaji kununuliwa chombo cha bei kubwa. Nasema hivi ingawa najua wenye maduka hawatanishukuru. Mashine inafaa pale zulia lisipoweza kutolewa, au penye makochi na viti vya gari vya kitambaa, na hapo chagueni yenye mpira mrefu na mdomo mdogo wa mkononi. Mazulia ya katani, ambayo sisi wa Tanga tunapaswa kuyajua kuliko wengine, hayapendi kuloweshwa: hujikunja, na maji huyaachia madoa. Yafagiwe na kufyonzwa vumbi tu. Zulia la sufu lioshwe kwa maji ya baridi au ya uvuguvugu na kwa sabuni iliyoandikwa kuwa inafaa sufu. Zulia lolote la rangi nyingi lijaribiwe kwanza kwenye pembe iliyofichika, kwa kitambaa cheupe kilicholowa, ili mwone kama rangi inachuja.

Sabuni ya unga ya kufulia msiitie katika mashine. Povu lake hujaa katika tangi la maji machafu, hukata ufyonzaji, na huweza kupanda hadi kwenye mota. Mabaki yake hubaki zuliani yakinata, na zulia huchafuka upesi kuliko kabla ya kuoshwa. Mimi huosha kwa sabuni kidogo, kisha hupitisha maji matupu, kisha hufyonza mara mbili au tatu bila kunyunyiza chochote. Mizunguko hiyo ya mwisho inachosha, lakini ndiyo inayokausha.

Uzito nao upimwe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita nne likijazwa limeongeza kilo nne juu ya chuma na plastiki, na mzee anayeishi ghorofani ataijua tofauti. Na kabla ya kulipa, ulizeni mkanda wa brashi na mpira wa kuzibia tangi vinauzwa wapi. Vitu hivyo viwili huchakaa mapema, na pasipo navyo mashine nzima inageuka kuwa pambo.

Daini risiti ya EFD, yenye jina la bidhaa na namba yake, na waranti iliyoandikwa, si ya mdomo. Mtakuta maduka yaliyobandika ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo hayafuti haki ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu au kisichofanya kazi aliyoahidiwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya namna hiyo. Lakini malalamiko bila risiti ni maneno yako dhidi ya maneno ya mwenye duka. Mimi niliyeshindwa hata kulalamika nasema kwa uzoefu: risiti yangu niliitupa pamoja na boksi.

Nimekuja na mashine yangu ya sasa, kipande cha zulia na bilauri. Viko hapo mlangoni, na umeme tumeazimwa na ofisi ya mtaa. Mama mmoja ameniambia naye amekuja na yake, aliyoletewa na mwanawe kutoka Dubai. Tuanze na hiyo. Kwanza tusome kibandiko.